Nyasi za bustani zikatwe kwa kimo gani? Mwongozo kwa wakazi wa Mbeya, Iringa na Njombe

Kila mvua zikianza, maswali ni yaleyale. Nikate fupi kiasi gani? Mbona nikishakata panageuka kahawia? Kijana anayenifanyia kazi anafyeka mpaka udongo unaonekana, ni sawa?

Hilo la mwisho tulijibu kabisa: si sawa. Mengine yanahitaji maelezo, kwa sababu kimo cha kukatia hakichaguliwi kwa macho wala kwa kuangalia bustani ya jirani. Kinaanza na aina ya nyasi uliyopanda, halafu kinapandishwa au kushushwa kufuata majira. Na huku kwetu majira yana jambo moja ambalo mtu wa Dar es Salaam halijui: mvua inakatika na baridi inaingia karibu wakati mmoja. Nyasi iliyokuwa inakua kwa kasi mwezi Machi, ikifika Juni inakutana na ukame na baridi kwa pamoja. Ukiipeleka Juni ikiwa imenyolewa, utaikuta Novemba ina mapengo, na kwenye mapengo hayo magugu yatakuwa yameshatangulia.

Maelezo ya kitaalamu ni haya tu, kisha tuingie kazini. Jani ndilo jiko la nyasi. Chakula cha mizizi hupikwa pale kwa mwanga wa jua. Ukikata sana, mmea unatumia akiba yake kuotesha majani mapya na mizizi inadhoofika. Nyasi nyingi za bustani zetu ni za jamii ya nchi joto. Hukua vizuri zaidi kwenye joto la nyuzi 27 hadi 35, na joto likishuka chini ya nyuzi 15 karibu zinaacha kukua. Iringa mjini iko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini kama 1,700, na Njombe ni juu zaidi. Baridi ya usiku wa Juni na Julai unaijua mwenyewe.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Rula au futi ya sentimita.
- Mashine ya kusukuma yenye magurudumu, au mashine ya kufyekea ya begani, au fyekeo.
- Tupa ya kunolea, spana inayoenea kwenye nati ya kisu, na msumari mmoja uliopigwa ukutani.
- Glovu ngumu, buti na miwani ya kukinga macho.
- Reki.
- Sehemu ya sakafu ya saruji iliyo sawa, hata kibaraza tu kinatosha.

Huna rula? Kadi ya benki ina upana wa sentimita 5.4 na urefu wa sentimita 8.6. Kizibo cha chupa ya soda kikisimamishwa kwa ukingo wake kina kama sentimita 3. Vitu hivyo viwili vinakutosha kupima karibu kila kimo kilichotajwa hapa.

Hatua ya 1: Itambue nyasi yako

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea tangu mwanzo, kwa sababu tumezoea kuita kila nyasi ya bustani "ukoka". Wauza miche nao kila mmoja ana majina yake. Usitegemee jina, chuchumaa, chomoa kipande kimoja na ukiangalie kwa karibu.

*Ukoka wenyewe.* Jani ni jembamba, milimita 2 hadi 4, gumu kidogo ukilipitisha vidoleni. Linapoungana na shina kuna kishada kidogo cha vinywele vyeupe. Kichwa cha mbegu kina vijiti vitatu hadi sita vinavyotoka sehemu moja, kama nyayo za kuku. Unatambaa juu ya ardhi na chini ya ardhi pia, ndiyo maana hata ukikatwa vibaya hurudi.

*Kikuyu.* Hii ndiyo imetamalaki kwenye bustani nyingi za nyanda za juu, na inastahili, kwa sababu ni nyasi ya milima ya Afrika Mashariki na huvumilia ubaridi kuliko wenzake. Rangi yake ni kijani cha kung'aa, jani lina manyoya laini, na mashina yanayotambaa ni manene yenye maji. Mbegu zake huzioni. Lakini siku chache baada ya kukatwa fupi, ukitoka asubuhi unaweza kukuta nyuzi nyeupe zimesimama juu ya nyasi kama utando. Ni maua yake hayo, si ugonjwa.

*Pemba.* Jani ni pana, karibu sentimita 1, na ncha yake ni butu kama omo la mtumbwi. Shina ni bapa. Hutambaa juu ya ardhi tu, haina mashina ya akiba chini ya udongo. Likumbuke hilo, kwa sababu ukiikata hadi chini umeondoa kila kitu.

*Paspalam.* Kuna mbili zinazochanganywa. Moja ina jani pana, mizizi minene na mabua marefu magumu yanayobeba kichwa chenye matawi mawili, kama herufi V. Nyingine ina jani jembamba laini na hupandwa zaidi Pwani na kwenye udongo wenye chumvi. Kimo chake ni tofauti kabisa, kwa hiyo angalia upana wa jani kabla hujaamua.

*Kapeti.* Fupi, jani pana lenye ncha butu, shina bapa, na inapenda unyevu. Utaikuta Tukuyu na sehemu zenye mvua nyingi.

Kama bustani yako ina mchanganyiko, ifuate nyasi iliyo nyingi. Zikilingana, ifuate ile inayotaka kimo kirefu zaidi. Yenye kutaka kimo kifupi itavumilia kuachwa ndefu kidogo, ila ile nyingine haitavumilia kunyolewa.

Hatua ya 2: Chagua namba yako

Hivi ndivyo vimo vya msimu wa mvua, wakati nyasi iko kwenye nguvu zake, kwa bustani ya nyumbani inayokatwa kwa mashine ya kawaida:

- Ukoka: sm 3 hadi 5
- Kikuyu: sm 3 hadi 5
- Pemba: sm 6 hadi 8
- Paspalam ya jani pana: sm 7 hadi 9
- Paspalam ya jani jembamba: sm 2.5 hadi 4
- Kapeti: sm 3 hadi 5

Kama ndiyo unaanza, shika namba ya katikati. Kwa Kikuyu na ukoka, anza na sm 4. Ukoka wa viwanja vya gofu unaouona kwenye televisheni hukatwa chini ya hapo, lakini kwa mashine ya visu vya silinda, ardhi iliyosawazishwa, na kukatwa kila baada ya siku mbili tatu. Ukiuiga kwa mashine ya kusukuma kwenye kiwanja chenye vichuguu, utaukwangua.

Hatua ya 3: Irekebishe kulingana na eneo

Kwenye kivuli ongeza sm 1 hadi 2. Nyasi iliyo chini ya mparachichi au mgrivelea inapata mwanga kidogo, kwa hiyo inahitaji jani kubwa zaidi ili ipike chakula kilekile. Usikate bustani nzima kwa kimo kimoja kama nusu yake iko kivulini. Simamisha mashine, pandisha magurudumu tundu moja (yaani kipimo kimoja juu kwenye wenzo wa kimo), endelea.

Kwenye mteremko, na viwanja vingi vya Mbeya ni mteremko, ongeza sm 1. Nyasi ndefu kidogo inashika udongo mvua inapopiga.

Mahali watoto wanapocheza au gari linapogeuzia, ongeza sm 1 pia. Wengi hufanya kinyume: panapokanyagwa ndipo wanapokata fupi zaidi, halafu wanashangaa pamebaki udongo.

Tukuyu na maeneo ya mvua ndefu na mawingu mengi, shika namba ya juu ya kila aina, kwa sababu jua ni chache. Kyela na tambarare za Usangu ziko chini na zina joto. Huko unaweza kuzifuata namba za hatua ya 2 kwa muda mrefu zaidi wa mwaka, mradi kuna maji.

Hatua ya 4: Noa kisu

Kimo sahihi kwa kisu butu ni kazi bure. Kisu butu hakikati jani, kinalichana. Chukua jani moja lililokatwa jana ulitazame kwenye mwanga: kama ncha imenyooka, kisu ni kizima, kama ina nyuzinyuzi nyeupe zilizochambuka, kisu kimekwisha. Nyuzi hizo hukauka kesho yake na bustani nzima inaonekana imefifia, mwenye bustani anadhani ni kiu.

1. Zima mashine, uchomoe waya wa plagi ya injini. Usiguse kisu kabla ya hapo, hata kama injini imepoa.
2. Ilaze mashine upande, kabureta na filta ya hewa vikiwa juu. Ukilaza kinyume, oili inaingia kwenye filta na siku hiyo hutakata tena.
3. Kabla ya kufungua nati, weka alama ya chaki kwenye upande wa kisu unaotazama ardhi.
4. Piga tupa kwa kuifuata pembe iliyokuwepo, kama nyuzi 30, ukisukuma upande mmoja tu. Hesabu mapigo, pande zote mbili zipate idadi sawa. Haitakiwi iwe kali kama wembe. Ukali wa kisu cha mezani unatosha.
5. Tundika kisu kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande unaoshuka ni mzito, upunguze kidogo kwa tupa hadi kitulie sawa. Kisu kisicho na mizani kinatetemesha mashine na kuharibu shafti.
6. Rudisha kisu, alama ya chaki ikitazama ardhi, na mabawa yaliyokunjwa yakielekea juu kwenye bati linalofunika kisu. Kaza nati vizuri.

Kosa la kufunga kisu juu chini ni la kawaida mno. Mashine inawaka, kisu kinazunguka, nyasi zinalala tu bila kukatika. Kama baada ya kunoa mashine imekuwa mbaya kuliko mwanzo, angalia hapo kwanza.

Kwa bustani inayokatwa kila wiki, noa mara mbili au tatu msimu mmoja wa mvua. Ukigonga jiwe, noa siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Pima mashine sakafuni

Namba 1 hadi 5 zilizoandikwa kwenye wenzo wa mashine si sentimita. Ni majina ya matundu tu, na kila mashine ina yake. Kwa hiyo pima mwenyewe, kazi ya dakika kumi ambayo huirudii.

Sukuma mashine kwenye saruji iliyo sawa, waya wa plagi ukiwa umechomolewa. Hakikisha magurudumu yote manne yako kwenye tundu la namba moja. Vaa glovu, zungusha kisu taratibu hadi ncha yake ije pembeni, kisha ingiza rula kutoka sakafuni hadi kwenye ukingo unaokata. Andika. Panda tundu linalofuata, pima tena, andika. Ukimaliza, yaandike majibu kwa rangi au peni isiyofutika juu ya bati la mashine: "1 = 2.5, 2 = 3.5", na kuendelea. Hata kijana wa kibarua akija siku haupo, atajua aweke wapi.

Pima pia ncha ya pili ya kisu. Zikitofautiana zaidi ya milimita 3, kisu kimepinda. Nunua kingine, usijaribu kukinyoosha kwa nyundo.

Hatua ya 6: Jaribu ukanda mmoja kwanza

Sakafu ni ngumu, bustani si ngumu. Magurudumu huzama, hasa kwenye Kikuyu nene iliyotengeneza godoro la mashina makavu chini yake. Mashine iliyopimwa sm 4 kibarazani inaweza kukata sm 3 bustanini.

Kata ukanda wa mita 2 mahali pa pembeni. Simamisha rula juu ya udongo, si juu ya nyasi kavu, upime sehemu tano. Ukiona imepungua kuliko ulivyotaka, panda tundu moja. Ukiona mashina ya kahawia yamejitokeza, panda mawili.

Hatua ya 7: Kata theluthi, usizidishe

Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa nyasi kwa mkato mmoja. Hesabu yake ni rahisi: chukua kimo unachotaka, ongeza nusu yake. Hapo ndipo pa kuwasha mashine.

- Unataka sm 4: kata ikifika sm 6.
- Unataka sm 6: kata ikifika sm 9.
- Unataka sm 8: kata ikifika sm 12.

Kwa hiyo anayekuongoza ni rula, kalenda ya Jumamosi inasubiri. Januari na Februari Kikuyu iliyowekwa mbolea itakuita kila siku 5 hadi 7, ukoka karibu kila wiki. Julai inaweza kukaa wiki nne bila kukuita.

Kama ulisafiri na umekuta nyasi ina sm 20 na unataka sm 4, usiikate yote siku moja. Ishushe hadi 13.5, subiri siku nne au tano, shusha hadi 9, kisha 6, kisha 4. Mkato wa kwanza fanya kwa fyekeo au mashine ya begani, maana ya kusukuma itasongwa na kuzima kila hatua. Reki majani marefu yote. Yakibaki yanafunika nyasi na kuiozesha.

Hatua ya 8: Siku ya kukata

Subiri umande ukauke. Huku asubuhi za masika ukungu unaweza kukaa hadi saa nne, na nyasi mbichi hulala chini ya kisu badala ya kukatika, halafu inaganda kwenye bati kwa mabonge. Saa tano hadi saa kumi ni muda mzuri. Kama mvua ilinyesha usiku na unapokanyaga maji yanatoka pembeni ya buti, acha hadi kesho, la sivyo magurudumu yatachimba mifereji.

Okota mawe, waya, mifupa na vizibo. Waondoe watoto na mifugo. Jiwe likirushwa na kisu linafika mbali.

Kwenye mteremko sukuma kwa kukatisha mlima, usishuke na kupanda nao. Kila pito lipishane na lililopita kwa upana wa kiganja. Wiki hii ukikata kwa kuelekea barabarani, wiki ijayo kata kwa kuelekea ukutani, ili nyasi isizoee kulalia upande mmoja.

Vipande vifupi viache palepale. Vinaoza haraka na kurudisha naitrojeni kwenye udongo. Vyenye mabonge au vilivyozidi urefu wa kidole, reki upeleke kwenye mboji.

Hatua ya 9: Fuata mwaka wa huku

*Mwisho wa Novemba hadi Desemba.* Mvua za kwanza zisikudanganye. Subiri wiki mbili za mvua inayoshika, uone kijani kimerudi kutoka chini. Hapo ndipo wakati pekee wa mwaka wa kushusha kimo kilichopanda wakati wa kiangazi. Shusha tundu moja kila mkato, mikato miwili au mitatu, hadi namba yako ya hatua ya 2. Ukifika hapo weka mbolea: eneo la mita 10 kwa 10 linatosheka na kilo 1 ya yuria au kilo 2 za CAN, majani yakiwa makavu, kisha mwagilia au wahi mvua ya jioni. Yuria ikilala juu ya jani lenye unyevu huliunguza.

*Januari hadi Machi.* Shika namba yako, kata kwa rula. Mbolea ya mwisho isivuke Machi.

*Mwisho wa Aprili.* Huu ndio mkato muhimu kuliko yote na ndio unaosahaulika. Pandisha tundu moja mvua ikiwa bado ipo, na jingine Mei. Lengo ni kwamba ikifika Juni, nyasi yako iwe na sm 1.5 hadi 2 zaidi ya kimo cha mvua: Kikuyu ya sm 4 iwe na sm 5.5 au 6. Ukichelewa hadi baridi ianze, haitakua tena kufikia hapo. Pemba ndiyo ya kuionea huruma zaidi, kwa kuwa ni nyasi ya mwambao na baridi ya huku inaielemea.

*Juni hadi Agosti.* Kata ncha tu, kusawazisha zilizozidi. Njombe, Makete na Mufindi, asubuhi ukiona sakitu nyeupe juu ya nyasi, usiikanyage hadi jua liyeyushe. Majani yaliyoganda huvunjika, na nyayo zako zitaonekana za kahawia kwa wiki kadhaa. Nyasi ikibadilika rangi kuwa ya majani makavu, haijafa, imelala.

*Septemba na Oktoba.* Jua kali, vumbi, hakuna mvua. Hapa ndipo hamu ya "kusafisha" inapomshika mtu akafyeka hadi chini. Jizuie. Jani lile kavu ndilo linaloukinga udongo na jua.

Kama unatumia fyekeo au mashine ya begani

Hizi hazina magurudumu ya kukuonyesha kimo, na ndiyo sababu bustani nyingi hunyolewa. Funga utepe wa rangi kuzunguka buti kwa kimo unachotaka ukipima kutoka kwenye soli. Kila hatua chache tazama chini: nyasi iliyokatwa ifike kwenye utepe.

Mashine ya begani tumia uzi wa nailoni kwenye bustani, si kisu cha chuma. Rekebisha mkanda ili kichwa kining'inie sambamba na ardhi bila wewe kukinyanyua. Mkanda ukiwa mrefu kichwa kinainama na kuchimba mapande ya mviringo. Yumbisha kutoka kiunoni, si kwa mikono. Kwa fyekeo, weka kimo cha chini kabisa kuwa sm 6 hata kwa ukoka, maana mkono hauwezi kushika sm 3 kwa usawa bustani nzima.

Na mwambie fundi wa kibarua kimo kwa kumwonyesha, si kwa maneno. "Kata fupi" kwake ni udongo. Mkatie mita moja mwenyewe, umwambie, "Mdogo wangu, yote iwe hivi." Kwa kawaida anayelipwa kwa eneo anafyeka hadi chini akidhani ndiyo kazi nzuri, na wenye nyumba wengi ndio waliomzoesha hivyo.

Mambo yakienda kombo

*Panageuka kahawia mara tu baada ya kukata.* Umekata chini ya ukanda wa kijani. Nyasi iliyoachwa ndefu ina majani juu tu. Chini ni mashina makavu. Panda matundu mawili, mwagilia kama maji yapo, acha wiki mbili bila kukata. Ukoka na Kikuyu hurudi. Pemba iliyofikia udongo itahitaji kupandikizwa upya kwenye mapengo.

*Kahawia ni mabaka tu, si bustani nzima.* Ni miinuko ya ardhi: kisu kinakwangua panapoinuka. Mwaga mchanga uliochanganywa na udongo kwenye mabonde, sm 1 kwa wakati, wakati wa mvua nyasi inapokua. Ukimwaga zaidi ya hapo utaifukia.

*Mistari, upande mmoja mfupi na mwingine mrefu.* Gurudumu moja liko kwenye tundu tofauti, au kisu kimepinda. Rudi hatua ya 5.

*Bustani inadunda kama godoro na mashine inazama.* Kata kipande cha udongo chenye umbo la kipande cha keki kwa panga, upime tabaka la mashina makavu kati ya kijani na udongo. Likizidi sm 1.5, kimo chochote utakachoweka hakitakuwa sawa. Desemba, nyasi ikiwa na nguvu, ikwangue kwa reki ya chuma kwa kukaza, ukusanye makavu, urudie wiki mbili baadaye. Hii ni shida ya Kikuyu hasa, na hupungua ukipunguza mbolea.

*Mabua ya paspalam yamesimama hata baada ya kukata.* Usishushe mashine kuyafuata. Mabua hayo ni magumu, kisu butu huyalaza tu. Noa, kata kila siku 5 wakati yanachipua, kwa kimo kilekile.

*Magugu na sangari vinaingia.* Mara nyingi nyasi ni fupi mno, mwanga unafika kwenye udongo na mbegu za magugu zinaota. Panda tundu moja kwa miezi miwili huku unang'oa kwa mkono baada ya mvua. Sangari ing'oe na mizizi yake yote myeupe ya chini; kila kipande kinachobaki kinaota.

*Chini ya mti hapashiki nyasi hata nikiacha ndefu.* Hesabu saa za jua linalofika pale. Zikiwa chini ya nne, punguza matawi ya chini kwanza ungoje msimu mmoja wa mvua. Ikishindikana, toa nyasi zilizobaki, mwaga kokoto au weka matandazo ya majani makavu hadi mita moja kutoka kwenye shina, na mashine iishie hapo.